Ua la Saba

Kiapo kilifanyika jikoni Jumanne mchana, Profira akiwa bado langoni pa makaburi na ndoo zake za maua. Anghel aliishusha ukutani picha ya Bikira, akaiweka mezani kati ya maganda ya viazi, akamwambia dada yake aweke mkono juu yake.

"Niweke mkono unaonuka kitunguu?" Safta aliuliza.

"Weka hivyo hivyo. Alijifungua zizini, kitunguu hakimsumbui."

Safta alijifuta kwenye aproni, akagusa kioo kwa vidole vitatu, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto.

"Sema: Sitamwambia Profira neno lolote mpaka tutakaporudi."

"Sitamwambia Profira neno lolote mpaka tutakaporudi."

"Hata akinikera."

"Hiyo haimo kwenye kiapo."

"Dada!"

"Haya, hata akinikera. Na atanikera, Anghel, unamjua mkeo. Ila sikia: nimeapa nisiseme, sikuapa nisiumie."

Jana yake daktari alikuwa amemvuta Anghel pembeni ukumbini, kwa desturi ile ile ya siku zote: habari ya kifo huambiwa jamaa, mgonjwa huambiwa apunguze chumvi. Profira alikuwa bado chumbani akivaa viatu. Saratani ya kongosho, daktari alisema. Miezi mitatu, labda minne. "Nimwambie mimi au utamwambia wewe?" Anghel akajibu, "Nitamwambia mimi." Mkewe alipotoka akamwambia kwamba ni nyongo, aache mafuta.

Hapo ndipo lilipomjia wazo la Bukaresti.

Profira alikuwa ameuza maua langoni pa makaburi ya Tecuci kwa miaka thelathini na moja. Mawili, manne, sita, kumi na mawili: shufwa, hesabu ya wafu. Witiri ni ya walio hai, na aliye hai hanunuliwi maua langoni pa makaburi. Mteja akikosea akataka matano, Profira alimwongezea la sita bure, pamoja na tusi. Hakuwa na haja ya kuhesabu. Jicho lake likianguka kwenye shada, idadi ilikuwa imeshamfikia, kama muuza nyama anavyojua kilo kwa kuinua tu. Na kila mwaka, Jumamosi ya Wafu ikipita na mgongo ukimuuma, alisema: "Iko siku nitaiona Bukaresti kabla sijafa." Watu husema hivyo. Anghel, mstaafu wa reli mwenye haki ya tiketi za bure kwa jamaa zake, alimjibu kila mwaka: "Bukaresti haiendi popote."

Sasa ilionekana kwamba Bukaresti kweli haiendi popote. Anayekwenda ni mwingine.

Akakata shauri: siku tatu. Siku tatu Profira atembee, acheke, ale, awe mtu asiye na kifo mfukoni. Wakirudi atamwambia. Au Mirela, binti yao, atatoka Italia amwambie. Na Safta ilibidi aende, kwa sababu mgonjwa angehitaji mwanamke wa kumshika mkono kwenye ngazi na vyooni, na kwa sababu Anghel aliogopa kukaa siku tatu peke yake kati ya mkewe na siri.

*

Mawifi hawa wawili walikuwa chini ya paa moja kwa miaka tisa. Mume wa Safta alipokufa, watoto wake wa ndoa ya kwanza walibadilisha kitasa kabla chakula cha matanga hakijapoa, na Safta akaja kwa mdogo wake na sanduku moja na mapazia mawili. Alipewa chumba cha nyuma ya jiko. Alipika, alifua, alilisha kuku, na Profira alimlipa kwa ulimi.

Garimoshini Profira alivaa koti lake la kanisani. "Wifi, kaa dirishani," alisema, kisha, Safta alipokwisha kukaa: "Au hapana, toka. Dirishani nitakaa mimi, nisije nikalipa gharama za macho yako."

"Tiketi ni za bure," Safta alisema akihama.

"Basi shukuru mara mbili."

Anghel alimkanyaga dada yake mguu, polepole, kumkumbusha. Safta alimtazama jinsi ng'ombe anavyomtazama mtu anayemfunga kamba isiyo ya lazima.

Mchana walifika kwenye lile jumba kubwa kuliko yote, ambalo nusu ya Bukaresti ilibomolewa ili lipate pa kukaa. Mlangoni palikuwa na mashine ya kukagulia mizigo. Mfuko wa chakula aliubeba Safta, na mlinzi, kijana mwenye nywele za mafuta, aliukunjua mbele ya foleni nzima. Akatoa yai la kuchemsha, akaliweka mezani. Akatoa la pili. Akatoa la tatu, la nne, la tano, kila moja limefungwa kwa kipande cha gazeti. Akatoa vitonge vya nyama ya kukaanga na nyanya na mtungi wa biringanya za kusaga. Yai la tisa lilibingirika, akalidaka.

"Mama, mmekuja kutalii au kuotamia?"

Foleni ilicheka. Safta alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Profira, ambaye ndiye aliyeamuru mayai kumi na mawili yachemshwe, alicheka kuliko wote, akapaza sauti ili na wa nyuma wapate:

"Muulize huyo, ndiye kuku wa nyumbani kwetu. Ila kuangua hajawahi!"

Kicheko kilipungua, kwa kuwa baadhi walielewa. Safta alianza kuyarudisha mayai mfukoni, moja moja, kwa uangalifu mkubwa mno. Anghel alimshika kiwiko.

"Usinishike," Safta alinong'ona. "Naona mayai tu, mdogo wangu. Ukinigusa nitaona na mengine."

Ndani, ngazi za marumaru zilipanda zikageuka zikapanda tena, na mwongoza wageni, mwanamke mwenye kijibendera, aliwaambia uzito wa mazulia na idadi ya taa. Kwenye ngazi ya pili Profira alisimama. Uso wake ulikuwa na rangi ya nta. Aliangalia kulia na kushoto, akakiona kiti chenye mito ya hariri nyuma ya kamba nyekundu, akaivuka kamba, akakaa.

"Mama, inuka!" alisema mwanamke wa kijibendera. "Kiti hicho ni cha kutazamwa."

"Nitazameni nacho basi."

"Mama, nitaita walinzi. Nyie mnaotoka mashambani—"

"Mwache!"

Sauti ya Anghel iligonga dari na kurudi. Kundi zima liligeuka. Yeye mwenyewe alishtuka. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuvua kofia hata mbele ya karani wa posta. Alichomoa noti ya lei hamsini akaisukuma mkononi mwa yule mwanamke, bila kuitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Dakika tano. Nakuomba kwa roho ya mama yako, dakika tano."

Profira alikaa dakika tano kwenye kiti cha hariri, mikono juu ya mfuko wake, kama malkia wa nchi maskini. Hakutazama dari. Alimtazama mumewe.

"Hamsini," alisema hatimaye. "Hata hukuuliza kama inatosha ishirini."

*

Siku ya pili kulikuwa na jua. Walipanda mashua katika bustani kubwa ya katikati ya mji. Anghel alipiga kasia na Safta aliachwa ukingoni na simu, awapige picha. Katika siku zile mbili Safta alipiga picha arobaini, na hakuwemo hata katika moja. "Simama nyuma zaidi," Profira alimpigia kelele kutoka majini, "nyuma zaidi, nataka na miti!" Safta alirudi nyuma mpaka kisigino kikaingia kwenye matope.

Halafu walikula soseji za kuchoma na haradali, na Profira alikula nusu ya moja akasema ameshiba. Halafu, kwenye kona ya barabara, Anghel alisimama mbele ya kibanda cha maua.

"Unataka nini hapo?" Profira aliuliza. "Njia?"

"Waridi."

Muuzaji alikuwa mwanamke mnene mwenye meno mawili ya dhahabu. "Chagua, baba. Yamekatwa asubuhi ya leo."

Profira alisogea. Alishika bua, akalibana kwa kucha, akalinusa. "Asubuhi ya lini? Haya yamelala kwenye friji siku tatu. Na huku chini umeyakata mara mbili kuficha weusi."

Muuzaji aliweka mikono kiunoni. "Wewe ni wa soko gani, dada?"

"Makaburi ya Tecuci. Lango kuu."

"Ah! Ya wafu. Wateja wako hawalalamiki."

"Na hawarudishi."

Wote wawili walicheka, kicheko cha watu wa kazi moja, na muuzaji akainama chini ya meza akatoa ndoo nyingine, yale aliyowafichia waume waliojua kununua. Profira alichagua mwenyewe, mekundu yaliyokoza, bado yamefumba nusu. Muuzaji aliyafunga kwa gazeti lenye maji.

"Saba," alisema. "Ya kuishi, dada. Uishi nayo."

"Saba," Profira alisema.

Anghel alilipa haraka, akageuza uso upande wa barabara.

Walikaa kwenye benchi. Safta alitumwa kutafuta maji. Profira alilaza shada mapajani, na Anghel akaanza kudhani kwamba huenda ndiyo furaha yenyewe hiyo, kwamba amefaulu.

"Anghel."

"Naam."

"Jana kule jumbani umelipa tiketi tatu bila kuuliza punguzo la wazee. Umehonga hamsini. Umenipa mto wako. Leo mashua, leo soseji, leo waridi. Miaka thelathini na minane hujaninunulia ua hata moja. Ulisema ni sawa na kumpelekea mvuvi samaki."

"Ni likizo, Profira."

"Usinizungushe. Maua ndiyo kazi yangu. Mwanamume akinunua maua na si sikukuu, ama amekosa, ama anazika." Alimtazama machoni. "Mimi hapa nimekaa, nakula soseji. Wa kuzikwa sioni. Basi umekosa. Ni nani?"

Anghel aliona milango miwili. Nyuma ya mmoja kulikuwa na aibu, na nyuma ya wa pili kulikuwa na jeneza. Hakufikiri. Aliingia mlango wa aibu kama mtu anayekimbia mvua.

"Nimekosa," alisema.

"Ni nani?"

Jina la kwanza lililomjia lilikuwa la mwanamke wa dirisha la tiketi pale stesheni ya nyumbani. "Aneta."

"Aneta?" Profira alifungua mdomo. "Aneta wa masharubu?"

"Hana masharubu."

"Anamtetea! Bikira Mtakatifu, anamtetea!" Alinyanyua shada ampige nalo usoni, akaliona, akalishusha taratibu, maua hayana kosa. Akampiga kwa mfuko badala yake, mara tatu, begani, na wapita njia wakapisha. "Tangu lini?"

"Tangu... Pasaka."

"Hata Pasaka hukuiheshimu."

Kisha kikatokea kitu ambacho Anghel angekikumbuka maisha yake yote. Rangi ilimrudia Profira usoni. Mgongo ulinyooka. Macho yalimwaka kama ya binti wa miaka ishirini aliyemkimbiza na ufagio siku ya kwanza walipogombana. "Sikia sasa," alisema. "Krismasi utalala jikoni, juu ya viti. Mwaka mpya utalala jikoni. Nitakwenda pale dirishani mbele ya abiria nimwambie Aneta anipe tiketi ya kwenda na kurudi kitandani kwangu. Na Pasaka ijayo, kama umejipatanisha na Mungu, nitafikiria. Nitafikiria tu, Anghel!"

Pasaka ijayo. Anghel aliinamisha kichwa. Mtu angemwona angesema ni toba, naye moyoni alikuwa akihesabu miezi kwa vidole gizani, na vidole havikufika.

"Na dada yako alijua," Profira alisema ghafla.

"Safta? Hapana."

"Picha ya Bikira inanuka kitunguu. Tangu Jumanne. Nilidhani ni mimi ninayeumwa na pua pia. Mliapa, wewe na yeye. Mliapa msiniambie."

Alikuwa ameshika kweli kwa mkia, na Anghel hakuwa na uongo mwingine karibu.

"Tuliapa," alisema.

Safta alionekana kwa mbali akirudi na chupa tatu za maji, akivuka barabara kwa woga, akiwapisha hata waendesha baiskeli.

"Anakula mkate wangu miaka tisa," Profira alisema kwa utulivu. "Vizuri."

Jioni ile, Profira alipokuwa akioga, Anghel alikuwa na nafasi ya kumwonya dada yake. Walibaki wawili katika chumba cha nyumba ya wageni dakika nzima. Safta alikuwa akisugua matope kwenye kiatu. Anghel alikohoa, akasema, "Kesho tunaondoka saa nne," akatoka kutazama barabara. Huruma aliyokuwa nayo alishaitumia yote upande mmoja.

*

Stesheni kubwa ya Bukaresti ina baridi yake, hata Oktoba ikiwa na jua. Walikuwa wamewahi mno. Walikaa chini ya ubao wa ratiba, sanduku kati yao, shada mikononi mwa Profira. Usiku kucha alikuwa ameliweka kwenye sinki la wageni wote, na asubuhi amelikata mabua upya kwa kisu cha Safta.

"Wifi," Profira alisema, kwa sauti tamu kama asali iliyooza. "Tukifika nyumbani, ushushe mapazia yako."

"Niyafue? Nimeyafua juzi."

"Uyafunge. Na sanduku lako. Nakupa mpaka Jumapili, nisije nikasemwa kanisani."

Safta alicheka kidogo, akisubiri mwisho wa mzaha. Haukuja. "Kwa kosa gani?"

"Kosa la Aneta."

"Aneta nani?"

"Ona sura yake! Aneta wa dirishani, anayelala na ndugu yako tangu Pasaka, na wewe ukaapa juu ya picha yangu, kwa mkono wa kitunguu, kunifanya mjinga ndani ya nyumba yangu."

Safta aligeuka polepole kumtazama mdogo wake. Huyu ndiye ambaye yeye, dada mkubwa, alimbeba mgongoni utotoni, akampa viatu vyake akaenda mwenyewe pekupeku shuleni majira mawili ya baridi. Alimtazama, na akaelewa yote: uongo ni upi, umetungwa kwa nini, na nani amekabidhiwa kuulipia.

"Anghel," alisema. "Sema."

Anghel alitazama ubao. Galați. Iași. Suceava.

"Mdogo wangu. Sema hata nusu. Sema tu kwamba mimi simo."

"Dada," alisema Anghel, "tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Profira alikuwa akitengeneza gazeti kwenye mabua. "Watoto wa marehemu wako watakupokea. Au wamebadilisha kitasa tena? Basi nenda kwa Aneta, atahitaji mtu wa kumnyoa."

Safta hakulia. Wengine wangelia, na labda kilio kingemsaidia. Alisimama, akachukua sanduku, la Profira, kwa mazoea, akatangulia kwenye jukwaa.

Ndani ya garimoshi walipata viti vinne vinavyotazamana. Profira dirishani, Anghel kando yake, Safta mbele yao na sanduku. Dakika kumi zilibaki. Nje mwanamke mmoja aliuza biskuti za chumvi akiita kwa sauti ya pua. Profira alikuwa amelaza shada mapajani, akaanza kuyaondoa majani yaliyochoka, moja moja, kama anavyofanya langoni. Alionekana amechoka na ameridhika. Alikuwa ameiona Bukaresti. Alikuwa na ugomvi wa kutosha mwaka mzima.

Safta alimtazama. Alitazama mikono ile ikipanga majani. Midomo yake ilifunguka, na Anghel, aliyekuwa amemkazia macho, alishika ukingo wa kiti. Midomo ikafumba. Aliapa: neno lolote. Watoto wa mama mmoja hawavunji kiapo cha Bikira.

Basi hakusema neno.

Aliinama mbele, akanyoosha mkono, na kwa vidole viwili, bila haraka, akachomoa ua moja kutoka katikati ya shada. Akaegemea nyuma. Akaliweka ua lile gotini pake, akamtazama wifi yake usoni.

Jicho la Profira lilianguka mapajani. Halikuhesabu, halijawahi kuhesabu. Sita.

"Rudisha," alisema, kwa sauti ya kazini, ile anayowapigia wanagenzi na wezi. "Umeniachia sita, mpumbavu wewe. Rudisha, unajua maana—"

Na pengine ingeishia hapo. Pengine angedhani ni uchawi wa mwanamke aliyefukuzwa, angemnyang'anya, angemtemea mate, na safari ingeendelea. Lakini kando yake Anghel aliruka kutoka kitini, amekuwa mweupe, akapiga kelele:

"Dada!"

Hiyo tu. Na katika sauti ile Profira alisikia kila kitu. Alisikia ukumbi wa hospitali wakati yeye anavaa viatu. Alisikia hamsini za yule mwanamke wa jumbani.

Nje, muuza biskuti alipita mara ya pili. Profira alimtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Nyongo," alisema. "Niache mafuta."

Anghel alikaa.

"Kwa hiyo hakuna Aneta."

"Hakuna."

"Hata Pasaka."

"Hata Pasaka."

Profira alitikisa kichwa, akageukia dirisha, na kioo kikawa na ukungu mahali aliposemea. "Heri Aneta," alisema.

Kengele ililia jukwaani. Profira alipangusa ukungu ule kwa kiganja. Kisha aliligeukia shada lake, akalitazama kwa jicho la kazi, akachagua. Alichomoa ua moja, zuri kuliko yote, lililokuwa limefumbuka alfajiri ile. Akavuka nafasi ile ndogo kati ya magoti yao, akaliweka juu ya goti la wifi yake, kando ya lile la kwanza, akayasawazisha mabua yakawa sawa.

Yeye akabaki na matano.

Safta aliangalia gotini pake. Alikuwa na mawili.

"Wifi..." alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie garimoshini.

"Chumba nimekurudishia," Profira alisema. "Hutoki. Mapazia yakae. Mkono huo huo uliochomoa ua ndio utakaonilisha, ndio utakaonigeuza, na ndio utakaoniosha siku yenyewe. Sitaki wa mwanamke mwingine. Na maji yawe ya moto, Safta. Unajua nisivyopenda baridi."

Garimoshi lilishtuka, likaanza kutembea. Safta hakuweza kuyatupa. Maua ya hesabu ile ya wafu hayatupwi, hukaa na uliyempa. Hakuweza kuyarudisha. Aliokota ua moja, lolote, akamnyooshea mdogo wake.

"Anghel. Pokea moja tu, nami nibaki na moja. Nakuomba, mwana wa mama. Moja."

Anghel alilitazama lile ua. Alimtazama mkewe, ambaye alikuwa akitazama nje, matano yake mapajani, kama mtalii yeyote anayeiaga Bukaresti. Hakusema pokea. Hakusema usipokee.

Anghel alichukua mikono yake, akaikalia.